Jiwe Juu ya Pipa la Dagaa

“Jiwe zito ni la mwezi wa kwanza.” Nimemwambia shangazi yenu maneno hayo asubuhi alipokuwa akimkaripia mkwewe mgeni, na tangu hapo mnanifuata humu jikoni mkitaka kujua nimeyatoa wapi. Sikuyatunga mimi. Yalizaliwa Kastrimare, kijiji cha pwani ya kusini mwa Italia, ambako nilipika miaka kumi na tisa katika nyumba ya wageni. Aliyenisimulia ni yule yule yaliyomkuta, Bibi Filomena, wakati huo keshafika miaka themanini na nane na ulimi bado mkali. Haya, nipeni hicho kisu, nitamenya vitunguu huku nasema.

Kastrimare ni nyumba zilizobebana juu ya mwamba. Barabara hakuna, ni ngazi tu, mia tatu na zaidi kutoka ufukweni hadi kanisani, na magoti yangu haya yaliharibikia huko. Juu kabisa kuna mnara wa mawe. Zamani maharamia walikuwa wakija kuteka watu, basi mlinzi akiona tanga geni anawasha moto, na kijiji kizima kinakimbilia milimani. Kando ya ngazi ni mashamba ya malimau, kila limau kubwa kama ngumi mbili, na watu wanayakata vipande na kuyala kwa chumvi. Mwanzoni nilidhani wananitania.

Lakini fahari yao ni dagaa. Mwezi wa tano wanawakata vichwa, wanawapanga ndani ya pipa dogo la mbao, safu ya dagaa, safu ya chumvi, mpaka juu. Kisha kinakuja kifuniko kinachozama ndani ya pipa, na juu yake jiwe. Mwezi ule wa kwanza tangu wapangwe ni jiwe kubwa, ili damu na maji machafu yatoke. Yakishamwagwa, linawekwa jiwe dogo, na dagaa wanaachwa watulie katika chumvi yao hadi Desemba. Hapo pipa linatobolewa chini, na yanadondoka maji ya rangi ya asali, tone kwa tone. Kijiko kimoja juu ya tambi, na kitunguu saumu na mafuta ya zeituni, jamani, unasahau hata uliyegombana naye. Nyumba isiyo na maji hayo mkesha wa Krismasi hujiona haina sikukuu.

Sasa, desturi yao ilikuwa hii. Biarusi akiingia nyumbani, pipa la mwaka ule ni lake, hakuna mwingine wa kuligusa. Siku ya kulitoboa majirani wanakuja kuonja, na kwa kuonja huko wanaamua kama nyumba imepata mtu.

Filomena aliolewa pale mwezi wa nne. Hakuwa mtu wa pwani. Alitoka milimani kwa wafuga kondoo, na jiwe alilolijua yeye ni la kukandamiza jibini, ambalo likishawekwa haliondolewi mpaka jibini iwe tayari. Mumewe, Katelo, alikuwa baharia wa meli ya mizigo, akaondoka wiki mbili baada ya harusi. Filomena akabaki na mama mkwe, Nunziata, mjane, mwanamke safi, mchapakazi, na mdomo wake sasa, mnanielewa.

Hakuwa mbaya. Aliogopa tu majirani wasije wakasema mwanawe kaokota mke. Kwa hiyo alisahihisha kila kitu. Nguo zimeanikwa vibaya. Mkate umekatwa mnene. Mguu wake kwenye ngazi una kishindo. Siku moja Filomena aliuliza samaki fulani anaparuliwaje, akajibiwa mbele ya wageni, “Kwani kwenu hamkufunzwa kitu?” Tangu hapo hakuuliza tena jambo.

Lilipokuja pipa, Nunziata alimwonyesha kupanga dagaa, akamsaidia kuinua jiwe kubwa. Habari ya kulibadilisha hakuitaja, maana pwani ile hata mtoto wa miaka sita anaijua. Mwezi ulipokwisha, Filomena alimwaga maji machafu, akalirudisha jiwe lile lile. Moyo ulimsumbua, lakini kuuliza aliona ni kujitafutia maneno. Jiwe likakaa miezi saba.

Desemba majirani wakaja. Filomena akalitoboa pipa. Yakatoka maji mazito ya kijivu, na harufu iliyowarudisha wageni nyuma. Msichana wa miaka ishirini, mume yuko baharini, na watu wamejaa sebuleni wakimtazama. Hadi leo nikimfikiria namwonea uchungu.

Nunziata akafunua pipa, akaliona jiwe.

“Hili hukulibadilisha?”

“Sikujua kama hubadilishwa.”

“Ungeuliza.”

“Niliwahi kuuliza, bibi. Niliuliza habari ya samaki.” Filomena hakupandisha sauti. “Mzigo wangu nimeshaufunga tangu juzi. Nilikuwa nangoja pipa tu, nione kama kuna kitu kimoja katika nyumba hii nitakachokifanya kikawa sawa. Kesho narudi kwetu. Katelo akija, mwambie sikumchukia.”

 Nunziata aliinama akalikumbatia lile jiwe, na majirani walipotaka kumsaidia akawakataa. Akalitoa, akalitua sakafuni. Dagaa chini yake walikuwa uji.

“Sikilizeni nyote,” akasema. “Kosa si lake. Jiwe zito ni la mwezi wa kwanza. Huyu mimi nimemwekea miezi saba.”

Filomena akamtazama. “Na sasa umeliondoa?”

“Nimeliondoa.”

“Basi kesho siendi, mama.”

Mwaka ule walikula tambi za kitunguu saumu na mafuta matupu, na Filomena aliniapia hajapata kula tamu kuliko zile. Wakaishi pamoja miaka thelathini na mmoja. Msidhani Nunziata aliacha kusahihisha, watu hawageuki hivyo. Alisahihisha mpaka anakufa, ila kwa jiwe dogo.

Majirani nao, kwa kuwa majirani hawanyamazi, waliyapandisha maneno yale ngazi zote mia tatu hadi kanisani, na yamebaki kijijini. Kwa hiyo mkinisikia nayasema, msifikiri natetea wazembe. Wa kufunzwa afunzwe, na mwanzoni abanwe. Lakini jiwe zito ni la mwezi wa kwanza.