Tabo Iliyokufa Mara Tatu

"Mrija ukiziba, tabo haina kosa." Mmemsikia mwenyekiti akisema hivyo mkutanoni leo, nanyi mmekuja kuniuliza mimi usemi huo umetoka wapi. Basi mmegonga mlango wenyewe. Methali hii ilianzia kwenye gari langu, na mkosaji nilikuwa mimi.

Mwaka ule nilikuwa nimenunua pikapu ya dizeli, iliyokwisha kupita mikononi mwa watu wengine, ili tupeleke maziwa mjini Njombe. Akina mama wa bonde hili walileta ndoo zao kwangu kila asubuhi, na dereva wangu, Lutengano Mtewele, akazipandisha mlimani. Maziwa hayana subira, wajukuu zangu. Jua likipanda hujafika, kule kituoni wanayapima, wanatikisa kichwa, nawe unarudi nayo nyumbani yameharibika.

Basi gari likaanza kuishiwa nguvu. Likifika mlimani linalia kama filimbi, linatoa moshi wa bluu, na waendao kwa miguu wanalipita. Nikalipeleka kwa Fundi Mgaya, mwenye gereji pale mjini. Akafunua boneti akatoa kitu cha chuma kilichojikunja kama konokono.

"Hii ndiyo tabo, mama," akasema. "Inasukuma hewa kwenye injini. Ndani kuna pangaboi mbili ndogo kwenye shafti moja, yaani mhimili wa kuzizungusha, na shafti imelika."

Akaishika kwa vidole viwili, ikacheza kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Akaifungua yote, akaosha masizi, akaweka bushi mpya za kushika shafti na sili mpya za kuzuia oili isivuje, akaifunga. Gari likapanda mlima kama mbuzi. Nikamsifu Fundi Mgaya kanisani, sokoni, kila mahali.

Siku ya kumi, filimbi.

"Bushi zilikuwa feki," akasema fundi. Tukatafuta nyingine. Akafungua, akaosha, akafunga. Wiki mbili hazikuisha, moshi wa bluu ukarudi, na maziwa ya siku mbili yakaharibika njiani. Mama Sekela, aliyekuwa na ng'ombe wengi kuliko sisi wote, alinitazama tu bila kusema neno. Na kutazamwa na Mama Sekela ni kubaya kuliko kutukanwa.

Nikarudi gereji nimefura. Fundi Mgaya akafuta mikono kwa tambara, taratibu, kama mtu asiye na deni la jibu.

"Mama, kazi yangu mimi nimeimaliza. Tatizo ni dereva wako. Anazima injini ikiwa bado ya moto. Oili inakatika huku tabo inazunguka, inajisaga yenyewe."

Nilikuwa nimechoka, wajukuu zangu. Nilichoka na filimbi, na moshi, na ndoo, na macho ya Mama Sekela. Mtu aliyechoka hivyo akionyeshwa wa kumlaumu hashukuru Mungu, anamrukia. Kesho yake asubuhi, mbele ya akina mama wote, nikamfukuza Lutengano kazi.

"Mama, mimi sizimi gari likiwa la moto," akasema.

"Wewe na fundi, nani anajua gari?"

Hakubishana. Aliweka ufunguo juu ya kifuniko cha ndoo akaenda zake.

Fundi akaitengeneza tabo mara ya tatu, nami nikashika usukani mwenyewe. Kila nikifika nilikaa injini ikiunguruma, nikihesabu mpaka mia tatu ndipo nizime. Nilihesabu kwa uaminifu kama mtu anayesali rozari. Siku ya kumi na moja, katikati ya mlima, filimbi! Nikakaa mle ndani nikitafuta wa kumlaumu. Hakuwepo.

Safari hii sikuliacha gari gereji nikaondoka. Nilikalia tairi bovu mbele ya Fundi Mgaya, nikamwambia, "Leo utafanya kazi ninakuona. Kila ukishikacho nitauliza."

"Mama, utanichelewesha."

"Umenichelewesha wewe zaidi ya mwezi."

Akafungua, akaosha, huku akiguna. Alipoanza kufunga, nikaona anarudisha kimrija cha chuma, chembamba kama kidole changu cha mwisho. Nikauliza, "Na hicho?"

"Hiki? Kinapeleka oili kwenye tabo. Ni kimrija tu, mama, hakina cha kuharibika."

"Umekiosha?"

"Nimekipangusa."

"Nje. Na ndani je?"

Nikamnyang'anya, nikakifuta kwa kanga yangu, nikapuliza. Mashavu yakavimba, macho yakatoka, hewa haikupita. Nikampa yeye. Akapuliza mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Hewa haikupita. Akachukua waya akachokoa, na kikaanza kutoka kitu cheusi, kigumu, vipande vipande. Ulikuwa ukoko, kama ule wa sufuria ya wali, ila huu ni wa oili iliyoungua.

"Huu ni wa miaka," akasema kwa sauti ndogo. "Gari lilikuja nao. Tabo ilikuwa ikifa kwa kiu."

"Mara tatu, fundi."

"Mara tatu, mama. Nisamehe."

Nilitaka kumkaripia, lakini nilimkumbuka Lutengano. Nikamwacha afunge tabo na mrija uliosafishwa, nikaenda kumtafuta.

Nilimkuta shambani kwake akichimba viazi. Nikamweleza kila kitu nikiwa nimesimama kwenye matuta. Aliegemea jembe akanisikiliza hadi mwisho.

"Mama," akasema, "si wewe uliyekuwa ukinigombeza kwamba naacha injini inanguruma, nachoma dizeli bure?"

Ni kweli. Nilimgombeza kwa hilo zaidi ya mara moja. Nilijua kwa macho yangu kwamba hazimi gari likiwa la moto, na bado nikamwamini fundi.

"Mrija ukiziba, tabo haina kosa," akasema. "Wala dereva. Nitarudi kazini, ila ulinifukuza mbele ya watu. Nisafishe mbele ya watu hao hao."

Asubuhi iliyofuata, akina mama walipoweka ndoo chini, nilisimama nikasema yote: mrija, ukoko, na ubishi wangu. Nilirudia na maneno ya Lutengano kama alivyoyasema. Hakuna aliyecheka. Mama Sekela alinitazama tena, kisha akamgeukia mume wake, aliyekuwa amemsindikiza na ndoo iliyojaa nusu tu huku akilalamika kwamba ng'ombe wao mweusi amekuwa mvivu, heri auzwe.

"Baba Sekela," akamwambia, "mara ya mwisho ulimkatia majani lini yule ng'ombe?"

Mzee yule akatazama viatu vyake. Mama Sekela akabeba ndoo yake akaipandisha garini mwenyewe, akasema kwa sauti ya kusikiwa na bonde zima:

"Mrija ukiziba, tabo haina kosa."