Gari Jeusi la Mzee Chilongani

Sogeeni karibu, wakubwa kwa wadogo. Hii nitaisimulia mimi, ila kuimaliza itabidi mnisaidie, maana mwenyewe nimeshindwa.

Katika mji mmoja mkavu, magharibi ya Dodoma, walikuwepo ndugu watatu, watoto wa Mzee Meshaki Chilongani. Kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Damari, dada mkubwa, alijua maji kwa ulimi. Ungempa funda moja, angelizungusha mdomoni, kisha angekwambia limetoka kisima kipi na lina chumvi kiasi gani.

Lameki, wa pili, alijua rangi kwa vidole. Alipiga rangi magari miaka kumi na minne hadi macho yakafifia, lakini ncha za vidole vyake zilihisi mkwaruzo ambao mimi na wewe tungeutafuta kwa miwani tusiuone.

Yoeli, wa mwisho, mtu mzima wa miaka thelathini na moja, alijua kukaa. Ndiyo, kukaa. Ukimwambia, "Linda hapa," ukirudi jioni unamkuta hapo hapo.

Baba yao alikuwa na gari la kubebea maiti, refu, jeusi. Miaka ishirini na sita lilipeleka watu wa mji ule makaburini, na kabla ya kila safari mkewe, Mama Tabita, alilifuta kwa mkono wake. Hata kwa maiti aliyeokotwa stendi bila ndugu, gari lilitoka linang'aa.

Kisha Mama Tabita akaugua. Mzee alikaa naye hospitali miezi mitatu, na gari likabaki nyumbani karibu na tangi la maji. Tangi lile lilikuwa na ufa. Maji ya kisima yenye chumvi yakavuja, upepo ukayarusha juu ya gari, jua likayakausha. Kesho yake vivyo hivyo. Hakuna aliyeangalia, kila mtu akili yake ilikuwa hospitali.

Mama alifariki Jumanne. Mzee aliporudi nyumbani akakuta gari limejaa madoa meupe kuanzia boneti hadi mlango wa nyuma, kama mgongo wa ndege kanga. Akajaribu kufuta kwa mkono wa shati. Halikutoka hata moja.

"Amewafutia gari watu wa mji mzima," alisema. "Yeye nimpakie humu?"

Akawaita watoto wake watatu, akatoa ufunguo mfukoni.

"Tunazika keshokutwa saa nane mchana. Atakayelirudisha gari hili liwe jeusi kama lilivyokuwa, ufunguo huu ni wake. Kazi itakuwa yake. Na siku yangu ikifika, atakayenipeleka ni yeye."

Majirani walikuwa wa kwanza kujaribu. Walileta sabuni na ndoo za maji ya kisima, wakasugua. Gari lilipokauka, madoa yalikuwa yameongezeka.

Damari akachovya kidole kwenye ndoo yao, akalamba. "Acheni," alisema. "Mnaosha chumvi kwa chumvi. Hata mkisugua mwaka mzima, kila tone likikauka linaacha doa jipya. Hili linataka maji ya mvua."

Mvua ilikuwa imekata tangu Aprili. Mji mzima, aliyekuwa na maji ya mvua ni Damari peke yake: madumu manne chini ya kitanda chake. Mwanawe wa miezi minane, tumbo lake halikuvumilia maji ya kisima, na madumu yale ndiyo yangemvusha hadi masika. Damari aliyatazama kwa muda mrefu. Kisha akayabeba, moja moja, yote manne.

Jumatatu iliyofuata mtoto alianza kuharisha. Alilazwa siku tisa. Alipona, lakini aliyemwona akitoka hospitali hakumtambua.

Maji yakawepo. Sasa ikawa zamu ya Lameki. Alisogeza gari kivulini, akangoja bati lipoe, akachanganya siki na maji ya mvua nusu kwa nusu. Akalaza vitambaa vilivyolowa juu ya boneti, akavinyanyua baada ya dakika chache, akasuuza. Ukoko wa chumvi ukayeyuka. Lakini chini yake palibaki vishimo, mahali ambapo chumvi ilikuwa imeila rangi.

"Hapa panataka kukatwa, yaani kusuguliwa kwa dawa ya kung'arishia hadi vishimo viishe," alisema. "Ukikata kidogo, doa linabaki. Ukizidisha, unatoboa ngozi ya juu ya rangi, na hapo gari limekwisha."

"Na macho yako haya, utajuaje pa kuishia?" Yoeli aliuliza.

"Nitavua glavu."

Alifanya kazi siku nzima mikono mitupu, siki na dawa vikiingia kwenye kucha, akipapasa kila doa mpaka vidole vimwambie basi. Jioni ngozi ya vidole ilikuwa imechanika na kuvuja damu. Siku ya maziko, walipofika kaburini, watu wote walitupa udongo. Lameki aliinama, akajaribu kuushika, akashindwa. Na tangu siku ile ncha za vidole vyake hazihisi kitu.

Gari likawa jeusi. Usiku mmoja tu ndio uliobaki, na asubuhi Yoeli alilipaka nta, akalifuta, akalisogeza mlangoni ambapo jeneza lingetokea. Lameki akamwambia, "Mdogo wangu, tone lolote la maji ya kisima likikauka hapa juani, tumerudi tulipoanzia. Na mimi vidole sina tena."

"Nitakaa," alisema Yoeli.

Alikaa. Saa saba mchana mchungaji aliita watoto wa marehemu waingie ndani kumuaga mama yao, jeneza lifungwe.

Damari akatoka mlangoni. "Yoeli, njoo. Wanafunika."

"Nakuja, dada."

Damari alirudi ndani. Wakati ule ule gari la boza lililowaletea wafiwa maji ya kupikia lilikuwa likijaza tangi. Mpira ukachomoka. Maji ya kisima yakaruka juu, yakaangukia gari lote, na bati lilikuwa la moto kama kikaango. Watu walikuwa ndani wanalia, aliyeona ni Yoeli peke yake. Alikuwa na vitambaa sita na nusu dumu la maji ya mvua lililobaki. Alisuuza na kukausha paa, boneti, milango, mlango wa nyuma, kipande baada ya kipande, akiwahi kila tone kabla ya jua. Nta ilimsaidia, maji yaliteleza badala ya kushika. Hakuliacha hata moja.

Alipoinua kichwa alisikia nyundo. Walikuwa wanapigilia misumari.

Hakuomba wafungue. Alisimama na kitambaa kilicholowa mkononi, jeneza likapita mbele yake.

Mzee Chilongani alitoka ameshikwa mkono na dada yake, Shangazi Keziah. Akafika kwenye gari, akasimama. Kwenye mlango mweusi aliuona uso wake, na nyuma yake jeneza la mkewe. Akalia kwa sauti, mara ya kwanza tangu Jumanne.

"Sasa mpakieni," alisema.

Ufunguo hakuutaja siku ile, wala wiki ile, na watoto waliona haya kuuliza. Siku ya kumi na tisa alikutwa kitini, amekufa, ufunguo umo ndani ya kiganja.

Ndipo tulipo sasa. Jeneza la mzee liko barazani, gari liko mlangoni, kaburi limeshachimbwa. Shangazi Keziah ameshika ufunguo, na ndugu watatu wamesimama mbele yake.

"Bila maji yangu mngesugua chumvi hadi leo," anasema Damari. "Nililipa kwa mwili wa mwanangu, ambaye hakuulizwa."

"Maji hayatoi kilichokwisha kula rangi," anasema Lameki. "Baba alisema atakayelirudisha liwe jeusi. Vidole hivi ndivyo vililirudisha, na kazi nyingine sijui."

Yoeli anaugeukia mlango wa gari. "Nyinyi mlimuona mama," anasema. "Mimi sikumuona. Gari alilopanda mama, lilikuwa jeusi kwa sababu sikumuona."

Shangazi anawatazama mmoja mmoja. Mchungaji anachungulia saa. Jua linazidi kupanda, na maiti haiwezi kungoja.

Nimesema yote ninayoyajua, sijaficha kitu. Basi semeni ninyi: kama mkono ule wa Shangazi ungekuwa wako, ufunguo ungempa nani, na hao wawili ungewaambia nini?