Jicho la Semhando na Viota Sita

Mchoma nyigu hulisha viwavi. Mmeniuliza msemo huu umetoka wapi. Basi wekeni chini hicho kibiriti mnisikilize. Methali hii ilianza hivi, tena ilianzia kwenye jicho la baba yangu.

Baba yangu, Semhando, alijivunia neno lake. Mwaka nilioposwa aliwaambia wakwe, "Mavuno yakiingia, njooni mle harusi. Sitaomba hata punje kwa mtu." Harusi yangu ikawa inategemea shamba lile la mahindi.

Kila shamba kwetu lilikuwa na dungu, kibanda cha juu cha kulindia mazao yasiliwe na nguruwe na nyani, na nyigu hupenda sana paa la dungu. Siku moja baba alipopanda, nyigu alimchoma kwenye kope. Jicho likavimba likafumbika, na kesho yake ilikuwa kiwili, siku ya majirani kuja kumsaidia kupalilia naye awapikie chakula. Walimcheka kutwa nzima. Walipoondoka tu, alifunga majani makavu kwenye ufito mrefu, akayawasha, akachoma viota vyote sita vya dungu lake.

Dada yake, shangazi Mwantumu, alilima ng'ambo ya kijito. Dungu lake lilikuwa na viota vinne, naye alihamisha kigoda tu, akawa analindia chini.

"Dada, siku hizi unafuga nyigu?" baba alimtania.

"Nimewapisha. Wao juu, mimi chini."

Mahindi yalipofika magotini, viwavi waliingia. Kwetu walitafuna majani machanga mpaka moyoni. Tuliwaokota kwa mikono, tukawatia majivu, wapi. Nililia waziwazi, maana niliona harusi yangu ikiliwa. Lakini kwa shangazi kulikuwa na matundu machache tu. Baba akavuka kijito kwa hasira.

"Umetia dawa gani usiyoniambia?"

"Kaa hapo utazame."

Nyigu alitua kwenye mhindi, akamchomoa kiwavi, akamtafuna mpaka akawa donge la kijani, akaruka nalo hadi kiotani. Akaja mwingine, na mwingine. Baba alikaa pale mpaka kivuli cha dungu kikahama.

"Wanalisha watoto wao," shangazi alisema.

"Kumbe wale wangu..."

"Walikuwa wanakufanyia kiwili, kaka, na hukuwapikia hata chungu kimoja."

Tulivuna nusu ya nusu. Aliyeapa kutoomba punje alivuka kijito na kapu kichwani, na shangazi akamjazia.

Siku ya harusi mpishi mmoja aliona kiota upenuni, akachomoa kijinga cha moto jikoni. Baba akamshika mkono mbele ya wakwe wote.

"Kiache," alisema. "Mimi nilichoma sita kwa ajili ya jicho moja. Jicho lilipona siku ya tatu, na ugali mnaokula leo ni wa dada yangu. Mchoma nyigu hulisha viwavi."