Kwa Nini Simba Husimama Kwanza Akikutana na Mtu

Sogeeni karibu, ninyi mtakaoanza kuchunga kesho. Hili lilitokea kwetu hapa, na mkilishika litawarudisha nyumbani.

Zamani hizo simba hakusimama. Kwake mtu alikuwa swala wa miguu miwili tu, kwa sababu kila aliyemwona alitimua mbio. Watu wakikimbia, naye hukimbia, akamchukua wa mwisho. Wa mwisho alikuwa mzee, au mjamzito, au mtoto. Watu walilia, na safari nyingine wakakimbia vilevile, maana hakuna aliyejua jambo jingine la kufanya.

Basi adhuhuri moja, baada ya mavuno, wanawake walikuwa wanarudi kutoka kutafuta kuni. Miongoni mwao alikuwa Minza, aliyeolewa mwaka huohuo, na wifi yake Kabula, dada wa mumewe. Kabula akatumbukiza mguu kwenye shimo la muhanga, yule mnyama mchimba mchwa, kifundo kikateguka, akaanguka. Hapohapo majani yakafunguka na simba jike akainuka.

Kuni zilitupwa chini, wanawake wakatawanyika. Minza naye alikimbia. Kisha akasikia sauti ya Kabula nyuma yake, tulivu kabisa.

"Kimbia, wifi. Leo wa mwisho niwe mimi."

Miguu ya Minza ikagoma. Akarudi, akainama, akamwambia, "Panda mgongoni. Leo hakuna wa mwisho."

Simba alikwisha kuanza mbio. Minza akaivua ngozi aliyojitanda, akasimama wima na wifi yake mgongoni, akaitandaza kwa mikono yote miwili. Kabula akainua juu ya vichwa vyao tawi alilolikwapua kwenye kuni zake. Wakapiga kelele kwa pamoja, wakimkaripia simba kama mtu anavyomkaripia mbwa aliyeingia jikoni.

Simba akakita miguu ghafla, vumbi likawafikia usoni. Mbele yake palikuwa na mnyama mwenye vichwa viwili, mbawa pana na pembe moja ndefu, na mnyama huyo hakimbii! Akanguruma. Mkia ukapiga ardhi. Akasogea kulia, nao wakageukia kulia. Akasogea kushoto, wakamfuata kwa macho. Minza hakumpa mgongo.

Kisha Minza akaanza kurudi kinyumenyume, polepole. Kabula akageuza shingo, akawa macho yake ya nyuma: hapa kuna jiwe, pita kulia, sasa kuna kijito. Simba akawatazama, akaketi, mwisho akageuka akaenda zake kuwaambia wenzake alichokiona.

Kijijini walikuwa wamekwisha kuanza matanga. Mama yake Kabula alipoona wale wawili wanaingia kinyumenyume, alipiga kigelegele mpaka sauti ikamkauka. Jioni ile uwanja mzima ulijaa watu wakijifunza kusimama mbele ya simba, watoto wakiwa simba, wazee wakitandaza ngozi na kucheka huku machozi yakiwatoka.

Na tangu siku hiyo, kwetu watu huenda porini kwa kundi, na asiyeweza kukimbia huwekwa katikati. Simba naye, akikutana na mtu, husimama kwanza akamtazama. Anauliza kama wewe ni swala. Ukikimbia, umeshamjibu.