Siku Nyati Alipopimwa Kivuli

Siku zile za kale sana, wanyama walipokuwa na nyumba na vyungu jikoni kama sisi, ukame uliingia nyikani. Mto ukakauka kau. Wanyama wote wakachimba kisima, na Bi Digidigi naye akachimba, siku saba, mpaka kwato zake zikachanika.

Maji yalipotoka tu, Nyati akajilaza kando ya kisima.

"Wakubwa kwanza," akasema. "Wadogo watakunywa yatakayobaki."

Hayakubaki. Kila siku Bi Digidigi alirudi nyumbani na kibuyu kitupu. Siku ya tatu binti yake, Mwasiti, alishindwa kusimama. Alikuwa akilamba mawe yenye ubaridi.

Bi Digidigi hakulia. Alishikwa na hasira. Alasiri ile akarudi kisimani.

"Bwana Nyati, mwanangu anakufa. Na kisima hiki nimekichimba mimi pia."

"Wewe?" Nyati akainuka. "Hebu tazama chini. Kivuli changu kimekumeza wewe na kibuyu chako. Siku utakapokuwa na kivuli kirefu kuliko changu, wewe ndiye utakayepanga nani anywe kwanza. Naapa mbele ya wote."

Bi Digidigi akakitazama kile kivuli. Kilikuwa kirefu kweli, kimefika vichakani. Lakini mchana alipopita hapo hakukiona. Kilikuwa wapi?

Akaelewa.

"Basi tupimwe kesho," akasema. "Kobe apime kwa kamba, kuanzia kwatoni mpaka kivuli kinapoishia. Mimi mdogo nitapimwa asubuhi. Wewe ni mkubwa, huamshwi mapema. Upimwe saa sita, jua likiwa utosini, kila mtu akuone vizuri."

Nyati akacheka mpaka tumbo likatikisika. Alidhani kivuli ni kama mkia, ukizaliwa nao mrefu ni mrefu siku zote.

"Nimekubali," akasema.

Kobe alimwonea huruma Mwasiti, akampa funda la maji aliyoweka akiba. Asubuhi mtoto aliweza kuketi mkekani, akamwona mama yake amesimama uwanjani, jua ndiyo kwanza linachungulia.

"Mama, mbona kivuli chako kimekuwa kirefu hivyo?"

"Jua liko chini, mwanangu, linanipiga ubavuni. Mwanga hauwezi kupenya mwili wangu, kwa hiyo upande wa pili panabaki giza. Hilo giza ndilo kivuli. Jua likipanda, kitafupika. Chomeka kijiti hapo, uangalie kivuli chake mpaka mchana, utaona mwenyewe."

Kobe akavuta kamba, kwaru, kwaru, kwaru. Hatua zake ishirini kamili. Akapiga fundo.

Saa sita Nyati akaja, ti, ti, ti, kifua mbele. Kobe akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Bwana Nyati, kivuli chako umekiacha wapi?"

Nyati akageuka, akazunguka. Kivuli kilikuwa kimejikunyata chini ya tumbo lake. Kobe akalaza kamba.

"Hatua moja," akasema. "Tuseme moja na nusu."

"Huyu mwanamke ameniibia kivuli!" Nyati akapiga kwato, vumbi likatimka. "Nipimeni tena jioni."

"Sijaiba kitu," Bi Digidigi akasema, sauti yake ikikwaruza kwa hasira. "Kila mchana kivuli chako huwa hivyo, na kila siku kiko miguuni pako. Hukuwahi kutazama chini ila kwa kunidharau mimi. Mwanangu amelamba mawe kwa sababu ya majivuno yako. Umeapa. Ondoka hapo."

Nyati akainamisha pembe. Ndipo Pundamilia, Twiga na wote waliokuwa wakimwogopa, kila mmoja kivyake, wakasogea pamoja, wakasimama nyuma ya Bi Digidigi. Nyati akawatazama. Akarudi nyuma hatua moja, kisha nyingine.

Kibuyu kikazama, chubwi. Mwasiti akanywa wa kwanza, wakafuata watoto wote wa nyikani, kisha wakubwa. Nyati akanywa wa mwisho. Bi Digidigi alisimama palepale akimtazama, hasira bado haijamtoka, mpaka alipomaliza.

Basi, wanangu, akitokea mtu wa kuwaonea kwa kitu asichokielewa, nyinyi kieleweni kwanza.