Chande na Vidole vya Bi Somoe

Paukwa!

Pakawa!

Mwenye kusinzia?

Aamshwe, asipitwe!

Hapo kale, kabla babu wa babu zetu hawajazaliwa, palikuwa na mkata miti aitwaye Chande. Alikuwa na nguvu, jamani! Gogo la kuwashinda wanaume wawili, Chande alilibeba peke yake. Siku moja akainama, akalikamata gogo la mninga, akajipinda kulitupia begani. Ka! Mgongo ukalia. Chande akaanguka, puu!

Wakambeba hadi nyumbani. Mwezi ukaandama, mwezi ukafa, Chande kalala. Mtama ukachipua, mtama ukachanua, Chande kalala. Kila akijigeuza maumivu yalimchoma kama mkuki, basi akaapa moyoni hatajigeuza tena. Mwili ukanywea, miguu ikawa vijiti.

Watu wakaanza kunong'ona. Wakasema karogwa, na aliyemroga ni Nambunga, mjane jirani yake, kwa kuwa waliwahi kugombania mpaka wa shamba. Chande mwenyewe akaamini. Wakuu wakaamua: mavuno yakiisha, Nambunga afukuzwe kijijini.

Habari zikamfikia Bi Somoe, mkunga mkongwe aliyewapokea duniani karibu wote waliokuwa wakinong'ona. Akaenda kwa Chande, bila hirizi wala tunguri. Akapitisha vidole kwenye uti wa mgongo wake, pingili kwa pingili, taratibu, taratibu. Kisha akasema, "Maumivu yanaanzia hapa. Yanashuka tako hili, yanapita nyuma ya goti, yanaishia kidole kidogo cha mguu."

Chande akapigwa na bumbuwazi. Njia hiyo hakuwahi kumtajia mtu, hata mkewe.

Bi Somoe akamuuliza kama mapaja yamekufa ganzi, na kama haja ndogo inatoka vyema. Chande akajibu kuwa hana ganzi, na haja inatoka.

"Basi uti haujakatika," akasema Bi Somoe. "Ulijipinda na mzigo, mshipa ukabanwa. Kinachokumaliza sasa ni kitanda. Inuka."

"Nitavunjika, bibi."

"Utaumia. Kuumia si kuvunjika, mjukuu wangu."

Akamkanda kwa mchanga wa moto uliofungwa kitambaani. Akamwinua. Siku ile, hadi mlangoni. Kesho yake, hadi uani. Polepole, polepole, hadi kisimani. Mara maumivu yakarudi, Chande akalia kama mtoto, watu wakasema uchawi umeshinda. Bi Somoe hakubishana nao. Akakanda tena, wakatembea tena. Akamfundisha na kuinua mzigo: akunje magoti, aukumbatie kifuani, aiachie miguu kazi.

Mavuno yakaisha. Vyombo vya Nambunga vikatupwa njiani, naye kasimama kando, kajifunika uso kwa kanga. Ndipo watu wakamwona mtu anakuja, mgongo umenyooka. Chande! Kelele zikakatika. Hata mbuzi, husema wazee, waliacha kulia.

Chande akafika mbele ya Nambunga. Akakunja magoti, akaukumbatia mtungi wake, akainuka nao.

"Nisamehe, dada," akasema. "Mgongo wangu niliuumiza mwenyewe."

Akaurudisha mtungi ndani. Wakuu wakatazamana, kisha mmoja mmoja wakainama kuokota vyombo vilivyobaki. Wakamtafuta Bi Somoe wamshukuru. Kumbe ameshaondoka, ameitwa kwa mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa.

Ndugu zangu, ukiumwa, mtafute ajuaye chanzo, usimtafute wa kumlaumu.

Hadithi yangu imekoma hapa. Aliyeisikia na amsimulie mwenziwe.