Kwa Nini Mavukoni Hatutaji Majina Mtoni

Sogeeni. Hata nyinyi mliosoma mpaka mkavaa miwani, sikilizeni. Mimi shule niliiacha darasa la sita, lakini mji huu wa Mavukoni naujua kuliko mto wenyewe.

Zamani mambo hayakuwa hivi. Ng'ambo hii walikaa wakulima, watu wa ndizi na mahindi, wenye mitumbwi na maneno mengi. Ng'ambo ile walikaa wafugaji, wenye ng'ombe na kiburi. (Wewe unayecheka hapo nyuma, mtoto wa ng'ambo ile, nakuona.) Wavuvi walikaa popote penye samaki. Aliyetaka kuvuka alisimama ukingoni akaita, na mwenye mtumbwi akauliza, "Nani?" Kama hupendwi, utalala hukohuko.

Mwaka wa mafuriko makubwa, kafi lilikuwa mikononi mwa Komora. Binti yake wa pekee, Hadulu, alikuwa amevuka asubuhi kubadilisha mahindi kwa maziwa. Huko akaumwa na nyoka. Mzee Dube, mfugaji, akamfunga mguu, akamlaza nyumbani kwake karibu na maji, akakimbilia ukingoni. Mto ulikuwa unapanda.

"Mtumbwi! Leteni mtumbwi!"

"Nani?"

"Dube!"

"Dube ambaye ng'ombe wake walimaliza shamba langu?"

"Komora, sikiliza..."

"Omba radhi kwanza! Kwa sauti, watu wasikie!"

Watu wakacheka. Dube, ambaye hajawahi kumwomba radhi hata mkewe, hasira ikamtangulia. "Mahindi gani yale? Ng'ombe wangu waliharisha wiki nzima!"

Wakarushiana matusi hivyo mpaka ukingo wa ng'ambo ukaanza kumeguka. Ndipo akili ikamrudia Dube. "Mwanao yuko huku! Ameumwa na nyoka!"

Komora alipiga kafi mpaka viganja vikatoka damu. Alipofika, nyumba haikuwapo. Dube alikuwa amesimama majini hadi kiunoni, ameshika kibuyu cha maziwa cha Hadulu. Mwili haukupatikana, wakazika kibuyu.

Na tangu siku hiyo, Mavukoni anayetaka kuvuka hataji jina, wala ukoo, wala kabila. Hupaza sauti neno moja tu: "Mtu!" Mwenye kafi haulizi. Anakuja.

Msidanganyike, wajukuu wa Komora na wa Dube bado wanagombania malisho. Ila wanagombana nchi kavu, wote wakiwa wameshavuka.